Mayai ya kuchemsha hapa Nakuru

Dada yangu anaishi Kisumu na mayai yake huiva haraka kuliko yangu. Ni mwinuko tu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kule ziwani ni kama 96. Ndiyo maana mimi huyaacha dakika 13, moto ukiwa wa wastani yasije yakagongana yakapasuka.

Maji yachemke kwanza, ndipo nayatumbukiza kwa kijiko, moja moja. Ukianza na maji baridi, ganda hung'ang'ania ute. Yai lililotagwa leo ndilo sugu zaidi kumenya. Nikiletewa la kienyeji bado lina joto la kuku, nalikalisha wiki nzima. Yakiiva, moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi. Hapo kiini hubaki cha njano, bila ule mduara wa kijani unaoletwa na madini ya chuma na salfa yai likipitiliza motoni.

Napasua katikati, najaza kachumbari yenye dania na pilipili, chumvi kidogo. Wanangu hawangoji hata sahani.