Siku kochi alipomtoa winga wetu dakika ya 70

Mwaka 2004 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walienda Tunisia kwenye Kombe la Afrika na kochi Ghost Mulee, wakawapiga Burkina Faso 3-0, basi hapa Lamu kila kitoto kinachopiga mpira kikawa kinajiita Oliech, mshambuliaji wa Stars. Mimi nilikuwa msaidizi wa kochi kwenye timu yetu ya vijana, nabeba mipira nachora mistari kwa majivu, na kwa kweli ukochi niliujua mwaka ule.

Tulikuwa na winga mmoja wa mtaa wa Langoni, mbio hizo usiseme, akishakupita kwa mguu wa kushoto ndio basi tena. Ghafla haji mazoezini. Kuuliza, bibi yake kamkataza, anarudi usiku na chuoni, yaani madrasa, hasomi. Kochi hakutuma mtu, aliniambia twende. Tukaenda baada ya alasiri tukakaa kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, bibi yuko ndani nyuma ya pazia, shikamoo mama, marahaba wanangu, mimi nangojea kochi aanze habari ya mpira, wapi! Akauliza goti la bibi linaendeleaje, akamuuliza habari za marehemu mumewe, kumbe alikuwa fundi wa majahazi na alijuana na babake kochi, ikaletwa kahawa ya tangawizi ikaisha ikaletwa nyingine, na kochi anasikiliza tu kama hana pengine pa kwenda. Mwisho bibi mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, mpira sina ugomvi nao. Mimi nataka adhana ya magharibi imkute nyumbani."

"Itamkuta mama. Hilo niachie mimi."

Kijana akarudi kikosini, tukafika fainali na vijana wa Faza, kisiwa cha Pate. Mechi ilikuwa saa tisa. Saa tisa wageni hawapo, boti yao imeingia Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yashakupwa, imekaa mchangani, wameshuka wanasukuma. Anayepajua Mkanda hawezi kuwalaumu. Kuanza mpira ilikuwa inakaribia saa kumi na nusu, na mimi nikaanza kuliangalia jua maana nilikuwepo pale barazani.

Kipindi cha pili ni 1-1 na beki wao wa kulia amechoka kabisa, winga wetu anampita anavyotaka, kila mtu anaona goli linakuja. Dakika ya 70 kochi akaomba mabadiliko akamtoa. Uwanja mzima ulipiga kelele, mwenyekiti wa timu akashuka hadi kwenye mstari anauliza umerogwa ama vipi, kochi hakumjibu kwanza. Alichukua taulo akamfuta yule kijana shingoni palipojaa mchanga, akamtolea kanzu yake kwenye mfuko wa mipira, kumbe alikuja nayo imekunjwa vizuri, akamvalisha juu ya jezi, akamwambia pita kwa njia ya nyuma usisimame na mtu. Halafu ndio akamgeukia mwenyekiti, sauti ya chini kabisa: "Bibi yake nilimpa neno langu."

Tulifungwa 2-1.

Mwenyekiti alimnunia wiki nyingi na wachezaji wengine walikasirika, nawaelewa, kombe ni kombe. Lakini mimi mpaka leo niko upande wa kochi. Baadaye nilisoma kozi ya leseni D ya ukochi ya CAF, shirikisho la mpira Afrika, tukafundishwa kupanga mazoezi, kupasha misuli, kumsahihisha mtoto anavyopiga pasi, vitu vya maana sana na kochi asiyevijua atawaumiza watoto. Ila ile saa nzima ya kusikiliza habari za goti kwenye daka ya watu haikuwa kwenye daftari, na bila hiyo hata huyo mtoto wa kumfundisha humpati. Kule Iten kuna Brother Colm O'Connell, alikuja toka Ireland mwaka 1976 kama mwalimu wa shule, kozi ya riadha hakuwa nayo, na ndiye aliyemlea David Rudisha, bingwa wa mbio za mita 800. Alianza kwa kuwaangalia wale vijana wanavyokimbia na kuwasikiliza, nikisoma habari zake namkumbuka kochi wetu.

Msimu uliofuata hatukutafuta wachezaji Langoni, wazazi wenyewe walikuwa wanatuuliza mazoezi yanaanza lini. Siku moja tunapita pale kwa bibi akatuita kutoka mlangoni, ana wajukuu wengine wawili anataka tuwachukue, na akataka kujua jezi zinafuliwa na nani, maana ile ya fainali ilikuwa na doa mgongoni na yeye kalisugua kwa ndimu halikutoka.