Swali la Mama na Bata Bukini Aliyengoja Miaka 33

Tangu Jumanne usiku lipo swali moja la Mama ambalo nililijibu vibaya, na kila nikirudi kutoka zamu nikajilaza hulisikia upya, kwa sauti ileile ya taratibu, huku ukucha wake ukibandua karatasi ya bei kwenye jalada la DVD. Tulikuwa tumekaa kwenye kochi, yeye miguu ameifunika kanga, nami nilikuwa nimemaliza kumweleza kwamba vichekesho vya televisheni vya Mmarekani Lucille Ball tulivyokuwa tukivitazama vilikatishwa kabla havijatimiza hata miezi miwili hewani. Akaniuliza, "Huyu bibi walimwondoa kwa kosa gani?" Nikamwambia hakuwa na kosa, watu waliacha tu kumtazama. Akanyamaza, akaiviringa ile karatasi ya bei kati ya vidole viwili mpaka ikawa kama punje ya mtama, kisha akasema, "Mtu akiachwa kutazamwa, mwanangu, huambiwa au hujionea mwenyewe?"

Nikamjibu, "Huambiwa, Mama. Kuna watu kazi yao ni kuhesabu watazamaji."

Akasema "Aa", akaiweka ile punje ya karatasi juu ya meza, akaenda kulala.

DVD yenyewe niliinunua dola 3 kwenye mauzo ya mitumba ya lile kanisa la jirani, kwa sababu ya picha ya jaladani: mwanamke mzee mwenye nywele nyekundu. Inaitwa Life with Lucy. Lucille Ball, ambaye alikuwa amewachekesha Wamarekani tangu mwaka 1951, alirudi kwenye televisheni Septemba 20, 1986, akiwa na umri wa miaka 75, kuigiza bibi mjane aitwaye Lucy Barker anayehamia nyumbani kwa binti yake na mkwewe, waliko wajukuu wawili, na kuanza kazi katika duka la vifaa vya ujenzi ambalo nusu yake ameirithi kwa marehemu mumewe. Nusu ya pili ni ya baba wa mkwewe, aliyeigizwa na Gale Gordon, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 80. Zilirekodiwa sehemu 13, zikaonyeshwa 8, na ya mwisho ilikuwa Novemba 15 mwaka uleule.

Mama naye ana miaka 75, kwa mujibu wa cheti tulichohangaika kukitafuta wakati wa viza. Hakuna aliyenidokeza hilo niliponunua, na sikulihesabu mwenyewe mpaka bibi yule alipoingia mlangoni na mizigo yake na Mama akasema polepole, "Kaja kukaa kwa bintiye." Nadhani hakuna mtazamaji wa mwaka 1986 aliyeitazama tamthilia ile kama Mama alivyoitazama. Wamarekani walikuwa na Lucy mwingine kichwani, yule kijana wa miaka ya 1950, ambaye vipindi vyake vya zamani havikuwahi kuacha kurudiwa, kwa hiyo kila huyu mzee alipopanda ngazi au kupuliza saksafoni walikuwa wakimpima kwa yule, na pengine wakiihofia nyonga yake kabla ya kufikiria kucheka. Sisi Tanga wakati ule tulikuwa na redio. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Mama hakuwa na Lucy wa kumlinganisha na huyu. Alimwona mwanamke wa rika lake, kwenye nyumba ambayo si yake, anayetafuta cha kufanya.

Na hapo ndipo panaponichoma, kwa sababu ya mbuzi ya kukunia nazi. Waliokuwa wakinisoma mwezi wa Agosti wanakumbuka kwamba Mama alisafiri nayo kutoka Tanga ndani ya sanduku, imefungwa kwa kanga mbili, na kwamba maofisa wa uwanja wa ndege waliigeuzageuza wasijue ni kitu gani. Wiki tatu zilizopita nilimkuta jikoni ameikalia, nazi iko katikati, na alipotaka kuinuka akashika meza kwanza, akapumzika, ndipo akasimama. Sikusema neno. Kesho yake nilileta tui la kopo, makopo 12, nikaipeleka mbuzi stoo, nyuma ya masanduku ya nguo za baridi. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwashika wazee wa watu mikono kutwa na kuwaambia, "Jaribu mwenyewe kwanza, nipo hapa," niliona mama yangu anachelewa kuinuka sekunde mbili nikamwondolea kiti na kazi kwa pamoja. Naye hakuuliza mbuzi iko wapi. Hilo la kutouliza nililichukulia kuwa ni kukubali.

Kwa hiyo aliposema "huambiwa au hujionea mwenyewe", huenda alikuwa anamzungumzia Lucille Ball, na huenda sivyo. Nimelipindua swali hilo kila upande. Ningeweza kumuuliza, "Kwa nini unauliza, Mama?" Ningeweza kunyamaza na kumshika mkono. Badala yake nikamsomea habari za hesabu za watazamaji.

Jumatano nilijaribu kulirekebisha kwa njia ya kando, jambo ambalo halikusaidia. Nilimweleza kwamba yule bibi aliumizwa sana na uamuzi ule na hakutengeneza tena mfululizo mwingine mpaka alipofariki Aprili 1989. Kwamba Desi Arnaz, mume wake wa kwanza, ambaye ndiye aliyeigiza naye ujanani, alifariki Desemba 2, 1986, wiki mbili na ushee tu baada ya kipindi cha mwisho kuonyeshwa. Na kwamba siku tano baada ya kifo hicho alikaa mbele ya watu kule Washington kupokea heshima ya Kennedy Center, moja ya tuzo kubwa kabisa ambazo taifa lao humpa msanii. Nilidhani hiyo tuzo ya mwishoni ingelainisha habari. Mama alisikiliza yote, akasema, "Kumbe walikuwa wanamheshimu," kisha akaongeza, "basi si wangemwacha afanye kazi yake."

Alhamisi mdogo wangu alijifungua salama mtoto wa kiume kule Muscat na mimi nikapewa usimamizi wa zamu ya usiku, alhamdulillahi kwa yote mawili, na jioni yake tukafika kwenye sehemu ya bata bukini. Hiyo ni mojawapo ya zile tano ambazo hazikuwahi kuonyeshwa kituo kilipokata kipindi. Ilirekodiwa ikawekwa, na bata yule alingoja miaka 33, mpaka DVD ilipotoka mwaka 2019. Lucy anamleta kulinda duka. Nilikuwa tayari kumtafsiria Mama, lakini bata alipoingia tu alinyoosha mkono kunizuia nisiseme, akakaa mbele kabisa kwenye kochi, na sekunde chache baadaye alikuwa anacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu msiba wa Baba, kile cha kujifunika uso kwa kanga na kupiga goti kwa kiganja. "Hawa wamefanya kuwa mchezo," akasema akifuta macho, "lakini bata bukini ni askari kweli!" Akanisimulia habari za bata wa jirani yao pale Ngamiani, Tanga, kabla sijazaliwa, aliyewafukuza wachumba wawili wa binti wa nyumba ile mpaka wa tatu akaja na mtama mfukoni, na huyo ndiye aliyeoa. Binti yangu akataka kisa kirudiwe. Kikarudiwa. Tukairudia na sehemu nzima ya bata tangu mwanzo, na saa nne ilipogonga bado tulikuwa tunacheka, mtoto ana shule kesho yake na mimi sikujali.

Usiku uleule, waliposhalala, nilikwenda stoo nikaitoa mbuzi, nikaipangusa vumbi, nikaiweka jikoni mahali pake pa zamani, karibu na dirisha. Asubuhi nilitoka chumbani nikamkuta Mama amesimama anaitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha, bila kugeuka, "Sasa nazi ziko wapi?"

Hapakuwa na nazi hata moja nyumbani. Nilivaa koti nikaenda duka la Waasia nikanunua tatu, nikizitikisa sikioni moja moja kama alivyonifundisha, na moja kati ya hizo tulipoivunja ilikuwa imeoza. Mbili zilitosha wali wa jana. Aliinuka kwa kushika meza, akapumzika, akasimama, nami nilikuwa nimesimama pale karibu nikiosha bakuli moja muda wote ule.

Lile swali la Jumanne bado sijalirudia kwake, wala yeye hajalirudia. Zimebaki sehemu mbili, na tumekubaliana tuzitazame Jumapili.

Barua ya mwenye nyumba imefika tangu Jumatatu na ipo juu ya friji. Mkataba unakwisha mwezi ujao, na bahasha ni nene kuliko ya mwaka jana.