Mgongo wangu na msimu wa sare

Nashona Morogoro kwa cherehani ya miguu, na fundi yeyote anaijua Desemba na Januari. Sare za shule zinaletwa kwa mafurushi, kila mzazi anaitaka ya mwanawe kabla shule hazijafunguliwa, nawe unashinda kwenye stuli umeinamia sindano. Kiuno changu kilianza kwa kukaza jioni tu. Baadaye nikawa siinuki bila kushika meza, na maumivu yakashuka kwenye kalio hadi nyuma ya paja la kulia.

Kila mtu alikuwa na ushauri: lala chini, jifunge mkanda, meza vidonge upumzike. Aliyenisaidia ni dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kabla hajanigusa aliuliza kama nina ganzi sehemu za siri, kama mkojo unanitoka, kama mguu umelegea, kama nina homa, jasho la usiku au nimepungua mwili. Maswali hayo si ya kurukwa. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu ikibanwa vibaya kule chini, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mwenye dalili hizo aende hospitali kwanza, mazoezi yatamsubiri. Mimi sikuwa nazo.

"Basi mama, kitanda si dawa yako," akasema. "Tembea, kazini rudi, ila tubadilishe unavyokaa."

Zoezi lililonifaa zaidi ni la kulala kifudifudi. Natandika mkeka, nalala kwa tumbo, natulia kidogo. Kisha najiinua kwa viwiko, na nikizoea nanyoosha mikono kabisa, kifua kikipanda huku nyonga zimebaki chini. Alinipa kipimo chake: maumivu yakihama kutoka pajani na kurudi kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, endelea, yakiteremka kuelekea kwenye unyayo, acha. Njia hii ilienezwa na Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande mmoja, na McKenzie aliporudi chumbani akakuta maumivu ya mguu yametulia.

La pili ni la kuimarisha misuli. Napiga magoti na kushika sakafu kwa viganja, nanyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, nashikilia, kisha nabadilisha. Mgongo usiyumbe. Hapo ndipo nilipojua jinsi misuli yangu ya kiuno ilivyokuwa imelala.

Mkanda niliuacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiuno, unapendekeza mazoezi na elimu, na haupendekezi mikanda ya kiunoni kama tiba ya kawaida. Shirika hilo linasema watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, kwa hiyo mafundi tuna wenzetu wengi.

Kibandani nilibadilisha mambo. Stuli imetoka, kimeingia kiti chenye egemeo, na kanga niliyoikunja roli inakaa kwenye uwazi wa kiuno. Nimekisogeza kiti karibu na cherehani ili kitambaa kinifuate mimi, nisikifuate mimi kwa shingo. Kila bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikiisha uzi, nasimama, nashika kiuno kwa viganja na kujipinda nyuma taratibu, halafu ndiyo nijaze nyingine. Kukaa vizuri kunasaidia, lakini hata mkao mzuri ukikaa nao saa nzima unachosha mgongo.

Nyumbani ndoo ya lita 20 nimeigawa kwenye mbili za lita 10, moja kila mkono. Ufagio wa chelewa nimeutia mpini mrefu. Na nikishatoka kitandani siinami kufua mara moja, kwa sababu asubuhi zile diski, yaani vito laini vya katikati ya pingili za mgongo, zimejaa maji na kuinama kunazibana zaidi.

Maumivu hurudi nikipokea kazi nyingi kupita kiasi, lakini hayashuki tena pajani, na mkeka upo hapohapo kibandani. Fundi mwenye hela ya kitu kimoja tu, aanze na meza ya kukatia. Yangu nimeiwekea matofali chini ya miguu hadi ikafika usawa wa kiuno, kwa sababu kukata ndiko kulikokuwa kunaniinamisha kuliko kushona.