Ukipotea ndani ya Eternal Sunshine, fuata nywele za Clementine

Eternal Sunshine of the Spotless Mind, filamu ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Michel Gondry na kuandikwa na Charlie Kaufman, inawachanganya watu kwa sababu moja: inaanzia karibu na mwisho wake. Joel anapanda treni ya Montauk, anakutana na Clementine, wanavutiana, na majina ya waigizaji ndiyo kwanza yanaanza kupita, robo saa na zaidi baadaye. Unadhani umewaona wakijuana. Kumbe walishapendana, wakaachana, na kila mmoja akailipa kampuni ya Lacuna imfute mwenzake kichwani.

Saa ya filamu hii ni nywele. Kijani ni siku walipojuana ufukweni. Nyekundu ni penzi likiwa bado la moto. Rangi ya chungwa ni penzi linapochuja (na clementine, kwa taarifa yako, ni aina ya chenza). Buluu ya kule kwenye treni ni baada ya kufutana. Usiku Joel anapofutwa akiwa amelala, ndani ya kichwa chake mambo yanakwenda kinyumenyume: magomvi ya mwisho yanafutwa kwanza, siku ya kujuana inafutwa mwisho. Ndiyo maana kadiri usiku unavyokwenda ndivyo kumbukumbu zinavyokuwa tamu, na ndivyo Joel anavyozidi kujuta.

Lacuna wana utaratibu wao. Mteja anakusanya kila kinachomkumbusha mwenzake, zawadi, picha, michoro, na kueleza habari zao huku kaseti ikirekodi. Anavalishwa kifaa kichwani, anaonyeshwa kitu kimoja kimoja, mashine inachora ramani ya pale ubongo unapoitikia. Usiku anameza kidonge nyumbani kwake, analala, mafundi wanaingia na kufuta nukta baada ya nukta hadi alfajiri.

Udhaifu uko kwenye ramani. Kisichochorwa hakifutwi. Joel akigeuza mawazo usingizini, anamficha Clementine utotoni mwake, chini ya meza ya jikoni, mahali ambapo binti huyo hakuwahi kukanyaga. Fundi Stan wakati huo anacheza muziki na chupi tu mwilini, yeye na Mary wa mapokezi. Anashtuka mashine imempoteza mteja, na bosi wao, daktari wa Lacuna, anapigiwa simu usiku wa manane. Tena vitu vya mteja haviteketezwi. Fundi mwingine, Patrick, anazichukua zawadi na maneno ya Joel kumtongozea Clementine yuleyule. Uzembe wa ofisi hiyo unaaminika kuliko mashine yenyewe.

Jikoni pale hakuna ujanja mkubwa wa kompyuta. Ili Joel aonekane mdogo kama mtoto, Jim Carrey anayemwigiza amewekwa mbali na kamera katikati ya samani zilizotengenezwa kubwa kupita kiasi, Kate Winslet (Clementine) yuko karibu penye ukubwa wa kawaida, na jicho linaunganisha pande mbili kuwa chumba kimoja. Ofisini kwa daktari, Joel anapojitazama mwenyewe, Carrey alikuwa akikimbia nyuma ya kamera, anavaa au kuvua koti na kofia, anawahi upande wa pili kabla kamera haijageuka.

Ukimaliza, rudia mwanzo. Shajara ya Joel ina kurasa zilizochanwa na hajui zimekwenda wapi. Clementine anamwonya asimtanie kwa wimbo wa jina lake, ule wa zamani wa “Oh My Darling, Clementine”. Joel anasema haujui, ilhali siku ya kwanza kabisa ufukweni aliuimba. Wimbo ulifutwa pamoja na mwanamke. Halafu kuna gari la Joel. Anatoka asubuhi, analikuta limebonyea ubavuni, anaandika kikaratasi cha asante ya kejeli na kukibandika kwenye gari la jirani. Aliyelibonyeza ni Clementine, amelewa, usiku uleule walioachana.