Saba ya kijani

Mitihani imekwisha, na mimi bado nayasikia maneno ya pale mlangoni mwa darasa, binti wa dada yangu aliposema kwamba tarakimu saba ni ya kijani, na mwalimu akamhoji.

"Wino huu una rangi gani?"

"Nyeusi, mwalimu."

"Sasa hiyo saba ya kijani umeitoa wapi?"

Binti wa dada akainama. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli mara zote mbili. Mwenye sinesthesia ya aina hii, yaani hali ambayo kuona herufi au tarakimu humletea mtu rangi, anauona wino mweusi kama sisi sote. Kijani inakuja juu yake bila kuitwa, na haifukuziki. Sehemu ya ubongo inayotambua umbo la herufi na tarakimu imepakana na eneo la rangi liitwalo V4. Mwaka 2001 watafiti wa ubongo Ramachandran na Hubbard walieleza kwamba huenda kwa watu hawa nyuzi za neva baina ya majirani hao ni nyingi kupita kawaida. Wengine wanasema nyuzi ni zilezile, ila kizuizi cha ishara zinazopita humo kimelegea. Wanabishana kuhusu njia tu. Kwamba rangi zenyewe zipo, hilo halina ubishi.

"Umeitoa wapi?" Anaulizwa kana kwamba ameiba.

Basi Jumamosi tukapima kama rangi zake hazibadiliki, maana jambo hili linapimika. Vikaratasi 36: A hadi Z, kisha 0 hadi 9. Vichanganye, la sivyo mtoto atakariri mpangilio. Asitaje rangi kwa jina, kwani "nyekundu" ni pana mno na yeyote anaweza kuirudia. Achague kwenye zile kadi za kuchagulia rangi ya ukuta, nawe uandike namba ya kadi. Fanyeni mchana, karibu na dirisha, kwa kuwa taa ya njano huharibu bluu. "Haina rangi" nalo ni jibu.

Ilipofika saba akazipitia kadi za kijani, akazikataa moja baada ya nyingine. "Hii imekolea. Hii ina njano ndani." Halafu akaiona yake, uso wote ukafunguka. Jamani, nilifurahi!

Tutarudia baada ya miezi mitatu. Wenye sinesthesia hurudia rangi zilezile hata mwaka ukipita, kwa zaidi ya asilimia 90 ya majibu. Yeye hajui kama kuna marudio, na nyie mnaomjua, tafadhali msimwambie.