Ukosi Uliopotea

Leo jioni nimechukua suti yangu mpya kwa fundi, na nilipojitazama kwenye kioo nikamwona mtu ambaye, kwa kweli, si mimi.

Chanzo chake nakijua. Nilikuwa nimemaliza kutazama Peaky Blinders, tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 2013 na inayosimulia genge la Birmingham baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nikaagiza vivyo hivyo: sufu nzito, kizibao, na kofia bapa.

Mke wangu anaona ningefanya busara kuiga Mad Men, tamthilia ya Marekani kuhusu watu wa matangazo ya biashara wa miaka ya 1960, ambayo mwaka 2009 ilizaa suti ya kampuni ya mavazi ya Brooks Brothers iliyobuniwa pamoja na mbunifu wa mavazi ya tamthilia hiyo, Janie Bryant. Huenda ana haki, kwa kuwa sufu hii inanitoa jasho.

Lakini kilichonigusa ni shati lisilo na ukosi. Fundi alilishika shingoni akaniambia kwamba zamani shati kama hilo lilikuwa halijakamilika, kwa sababu ukosi ulikuwa kipande cha peke yake, kilichofungwa kwa vishikizo vidogo ili kivuliwe na kufuliwa huku shati likivaliwa tena.

Kumbe ninachokiita mtindo ni mwanamume aliyekwisha kuvua ukosi wake!

Mpaka sasa napapasa shingo, nikiutafuta.

Je, nanyi mmewahi kushonesha nguo kwa sababu ya tamthilia, na mlithubutu kuivaa kazini?