Jagwa kavuka mto mbele yetu

Jamani, leo nimemwona jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika, kwa macho yangu! Tuko Pantanal, eneo kubwa la ardhi oevu Brazil, kwenye boti Mto Cuiabá, mara jike akajitosa majini na kuvuka ng'ambo, kichwa tu nje. Nikadhani ni chui kama wa kwetu, hadi alipopanda ukingoni akijikung'uta maji: kichwa kikubwa, miguu minene mifupi, na ndani ya mabaka yake kuna vidoa vyeusi. Nahodha anasema dume huzunguka eneo kubwa zaidi, linaloingia kwenye maeneo ya majike kadhaa. Hapa mawindo yao, kaimani (jamaa wa mamba) na kapibara (wanyama wagugunaji wakubwa), ni tele, hivyo jagwa wa hapa hawatembei mbali kama wenzao wa misitu iliyokatwakatwa. Picha zangu? Maji matupu.